Kuonekana na Kutajwa: Wanawake Wapendanao katika Picha, Filamu na Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Sentensi ya Kiswahili kama "Alimwona, akampenda, akamngoja" ni kamili kisarufi, lakini haimwambii msomaji kama aliyependa ni mwanamume au mwanamke, wala haimwambii lolote juu ya jinsia ya aliyependwa. Kiambishi a- cha mtenda na kiambishi -m- cha mtendwa havibagui. Nafasi hiyo huachiwa msomaji, naye aghalabu huijaza kwa mazoea: mmoja humfanya mwanamume, mwingine humfanya mwanamke, kisha husoma mbele bila kujua kwamba amefanya uamuzi wowote. Sentensi hiyo hiyo ikipelekwa mbele ya kamera, mambo hubadilika. Mpiga picha hawezi kupiga picha ya kiambishi. Hana budi kuonyesha uso, mwili, mavazi na mahali. Jambo ambalo sarufi imelinyamazia, picha hulazimika kulisema.

Tofauti hii baina ya sarufi na picha ndiyo msingi wa makala haya. Yanakusudia kueleza namna wanawake wapendao wanawake wanavyoonekana katika sanaa za picha na katika vyombo vya habari vya Afrika, kwa kuangalia kazi mbili zijulikanazo sana: picha za Zanele Muholi wa Afrika Kusini, na filamu ya Rafiki iliyotengenezwa Kenya na Wanuri Kahiu. Kabla ya kuziangalia kazi hizo, yatachunguzwa maneno ambayo Kiswahili chenyewe kimeyaweka tayari kwa ajili ya wanawake hao. Hoja itakayotetewa ni kwamba kuonekana peke yake hakutoshi. Mtu aweza kupigwa picha mara mia na bado asionekane, ikiwa neno lililoandikwa chini ya picha yake limekwisha kumhukumu.

Jina Litokanalo na Kitendo

Neno ambalo kamusi na magazeti hulitumia zaidi ni "msagaji". Muundo wake ni wazi kwa kila mwanafunzi wa mofolojia: kitenzi "saga", kiambishi awali cha ngeli ya kwanza, na kiambishi tamati -ji. Kiambishi hiki huonyesha mtu ambaye kutenda jambo fulani ndiyo kazi au desturi yake. Msomaji ni yule asomaye. Mwimbaji ni yule aimbaye. Linganisha "msomaji" na "msomi". La kwanza lamtaja mtu kwa kitendo anachokifanya. La pili lamtaja kwa hali aliyoifikia na kwa daraja aliyo nayo katika jamii. "Msagaji" limo katika kundi la kwanza. Humchukua mtu mzima, mwenye wazazi, kazi, dini na mtaa, likambakizia kitendo kimoja tu, na hicho ni kitendo ambacho msemaji hakukiona bali anakidhania.

Neno hili si la jana. Oskar Baumann, Mwaustria aliyeishi Unguja, alichapisha makala kwa Kijerumani mwaka 1899 juu ya mapenzi ya watu wa jinsia moja kisiwani humo, na kauli ya kutendana, "kusagana", ni miongoni mwa maneno aliyoyaandika. Katika Kiarabu nako, neno la kale la mapenzi baina ya wanawake hutokana na mzizi wenye maana ya kuponda na kusaga. Ufanano huo ni wa karibu mno kuwa wa bahati tu. Yaelekea Kiswahili cha pwani kilitafsiri wazo kutoka Kiarabu badala ya kukopa sauti zake. Kwa vyovyote vile, ushahidi wa mwaka 1899 watosha kuonyesha kwamba lugha ilikuwa na jina la jambo hili muda mrefu kabla ya kuwapo kwa sinema za Nairobi. Wale wasemao kwamba jambo lenyewe limeletwa na filamu za kigeni hawana budi kwanza kueleza neno hilo lilitoka wapi.

Basi tatizo la Kiswahili si kukosa jina. Tatizo ni kwamba jina lililopo limetungwa na atazamaye kutoka nje. Ni vigumu kumtambulisha mtu mbele ya mama yake kwa neno hilo.

Safari ya Neno "Shoga"

Neno la pili lina historia ya ajabu zaidi. Katika Kiswahili cha pwani, "shoga" ni neno ambalo wanawake huitana wao kwa wao. Ni rafiki wa karibu wa kike, msiri, mwenzi wa kwenda naye harusini na matangani. Mwanamke humwita mwenzake "shoga yangu" bila kificho wala haya, na matumizi hayo hayajafa. Vijana wa mjini wamelifanyia hata umbo lao, "shosti". Sambamba na maana hiyo, neno hilo hilo lilipata maana nyingine, yaani mwanamume anayefanya mapenzi na wanaume. Kutokana na maana hii ya pili likazuka neno "ushoga", ambalo siku hizi hutumiwa na magazeti, redio, wanasiasa na wahubiri kama jina la jumla la mapenzi ya jinsia moja, yawe ya wanaume au ya wanawake.

Matokeo ya safari hii yafaa kuzingatiwa. Neno lililokuwa mali ya wanawake, na lililotaja ukaribu wao, lilihamia kwa wanaume. Kisha likapanuliwa mpaka likafunika wote. Kichwa cha habari kinapotaja ushoga, picha inayomjia msomaji ni ya wanaume. Mwanamke yumo ndani ya neno kwa mantiki, lakini hayumo katika fikira. Anapotajwa peke yake, hurejeshwa kwenye "usagaji", yaani kwenye kitendo. Kwa hiyo, katika lugha ya vyombo vya habari, mwanamke huyu ama amefunikwa na jina la mwingine, ama amefichuliwa kwa jina la aibu. Mahali pa katikati, ambapo mtu hutajwa kwa kawaida tu kama mtu, ni padogo sana.

Yafaa pia kutaja mahali ambapo sarufi ya Kiswahili, isiyobagua katika viambishi, hubagua waziwazi. Mahali hapo ni kitenzi "oa". Kwa desturi mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawanywa kwa jinsia. Wanawake wawili wapendanao wakitajwa kwa kitenzi hiki, msemaji hujikuta akiuliza ni nani anayeoa. Swali hilo ni la sarufi kabla ya kuwa la maadili. Hapa lakini pana haja ya tahadhari. Ndoa za mwanamke kwa mwanamke zilizoandikwa na wanaanthropolojia miongoni mwa Wanandi, Wakamba na wengine ni taasisi ya urithi na ukoo, ambayo humwezesha mwanamke kupata mrithi kwa jina lake. Wenye desturi hiyo hawaielezi kuwa mapenzi ya mwili. Kuzitumia ndoa hizo kama uthibitisho wa jambo ambalo wenyewe hawalisemi ni njia nyingine ya kuwanyima watu haki ya kujitaja.

Picha za Muholi: Uso, Jina, Mahali na Mwaka

Zanele Muholi alizaliwa mwaka 1972 katika mtaa wa Umlazi, Durban, akasomea upigaji picha katika Market Photo Workshop mjini Johannesburg. Mnamo 2002 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Forum for the Empowerment of Women, chama cha kuwatetea wanawake weusi wapendao wanawake. Katika Kiingereza Muholi hukataa viwakilishi vya kike na vya kiume, akachagua kiwakilishi cha wingi. Waandishi wa Kiingereza wamelazimika kuzoea. Mwandishi wa Kiswahili halazimiki kubadili kitu. Kiambishi a- kimekwisha kumpa Muholi anachokitaka. Hili ni jambo dogo, lakini laonyesha kwamba unyamavu wa sarufi waweza pia kuwa hifadhi.

Mnamo 2006 Muholi alianza mfululizo wa picha uitwao Faces and Phases, yaani nyuso na awamu, ambao umeendelea kukua hata ukapita picha 500. Wengi wa waliomo ni wanawake weusi wapendao wanawake, pamoja na watu waliovuka mipaka ya jinsia waliyopewa walipozaliwa. Fani yake ni sahili. Picha ni nyeusi na nyeupe. Mtu mmoja husimama au huketi mbele ya kamera, mara nyingi kuanzia kiunoni kwenda juu, akamtazama mtazamaji usoni. Hakuna kitendo. Hakuna kitanda, busu wala mwili ulio uchi. Chini ya kila picha pana jina la aliyepigwa, mahali alipopigiwa, na mwaka.

Anwani hizo zastahili kusomwa kama matini. Miongoni mwa picha za mwanzo kabisa ni ile ya mshairi Busi Sigasa, iliyopigwa Braamfontein, Johannesburg, mwaka 2006. Jina, mtaa, mji, mwaka: hayo ndiyo maelezo ambayo familia yoyote huandika nyuma ya picha ya harusi au ya mahafali. Neno la kumwainisha mtu halimo. Mtazamaji ajuaye kichwa cha mfululizo anajua kwa nini mtu huyu yumo, lakini anachokutana nacho kwanza ni mtu mwenye jina. Ikiwa "msagaji" ni nomino inayobakiza kitendo na kuondoa mtu, anwani ya Muholi hufanya kinyume chake.

Kulikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilikataza ubaguzi kwa msingi wa mwelekeo wa kimapenzi, na mwaka huo huo wa 2006 ambapo mfululizo ulianza, sheria iliruhusu watu wa jinsia moja kufunga ndoa. Karatasi ya sheria ilisema jambo moja, mitaa ikasema jingine. Mwezi Aprili 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya kandanda, Banyana Banyana, aliuawa huko KwaThema. Aliyeuawa namna hiyo alijulikana kwa sababu alikuwa mchezaji wa taifa. Wengine walipata mistari michache gazetini, bila picha. Kupiga picha ya mtu akiwa hai, kwa idhini yake, na kuandika jina lake sawasawa, kulikuwa ni kutunza kumbukumbu kabla ya msiba. Busi Sigasa alifariki mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya kupigwa picha. Katika maonyesho ya mfululizo huu, baadhi ya nafasi katika safu za picha huachwa wazi, kwa ajili ya waliokwisha kuondoka na kwa ajili ya wale ambao bado hawajapigwa.

Upinzani haukukosekana. Mnamo 2009 waziri wa sanaa na utamaduni wa Afrika Kusini aliondoka katika maonyesho ya wasanii wanawake mjini Johannesburg ambamo kazi za Muholi zilikuwamo, na baadaye ikaelezwa kuwa aliziona kinyume cha maadili na cha ujenzi wa taifa. Mnamo 2012 nyumba ya Muholi mjini Cape Town ilivunjwa, wezi wakachukua vifaa vilivyohifadhi picha na video za miaka kadhaa. Hata hivyo mwaka huo huo kazi zake zilionyeshwa Kassel, Ujerumani, na mwaka uliofuata Venice, Italia. Msanii ambaye waziri alizikimbia kazi zake nyumbani akawa miongoni mwa wanaoiwakilisha nchi ugenini.

Rafiki: Neno la Sitara Lawekwa Hadharani

Filamu ya Rafiki ina asili yake katika hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ndio mzambarau. Hadithi hiyo husimuliwa na Anyango akimwambia Sanyu, kwa nafsi ya pili. Ni uteuzi wa maana, kwa kuwa nafsi ya pili ndiyo mahali ambapo Kiingereza nacho, kama Kiswahili, hakitaji jinsia. Wanuri Kahiu alipoihamishia hadithi Nairobi, wasichana wakawa Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindania kiti kimoja cha mtaa. Mazungumzo yao yamechanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, kama yalivyo mazungumzo ya vijana wa mji huo. Rangi ni kali na za furaha: waridi, zambarau na manjano, katika nywele, nguo na kuta.

Jina la filamu ndilo linalohusu makala haya zaidi. Kahiu ameeleza kwamba Wakenya wengi walio katika mapenzi ya namna hii hawawezi kumtambulisha mpenzi kwa jina lake la kweli, hivyo humtambulisha kama rafiki. Neno "rafiki" halina jinsia, halina kiambishi cha kitendo, wala halimtishi mzazi. Ni neno la sitara. Kwa kuliweka juu ya bango, Kahiu hakulivua neno hilo maana yake ya kawaida. Alilionyesha likifanya kazi ambayo limekuwa likiifanya kimya kimya siku zote. Aliyeliona bango hawezi tena kulisikia neno hilo kwa urahisi ule wa zamani.

Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, mwezi Mei 2018. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa madai kwamba ilikusudia kuendeleza usagaji nchini kinyume cha sheria. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2014 bodi hiyo ilikuwa imeikataa Stories of Our Lives, filamu ya kundi la The Nest la Nairobi. Katika shauri la Rafiki, mwenye filamu alieleza kuwa tatizo kubwa lilikuwa mwisho wake. Alitakiwa kuubadilisha kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Jambo hili lahitaji kufikiriwa na kila mwalimu wa fasihi. Kilichokatazwa hakikuwa kuwaonyesha wasichana hao. Kena na Ziki wanapigwa na umati wa watu ndani ya filamu hiyo, na kipigo hicho hakikuwa shida. Kilichoogopwa ni kuwaonyesha bila ya kuwafunga kwa adhabu au majuto. Wangeweza kuonekana kwa sharti kwamba hadithi iwahukumu.

Mnamo tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, kwa watazamaji watu wazima tu, akieleza kuwa hakushawishika kwamba jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu moja. Sinema za Nairobi zilijaa. Siku 7 zilipokwisha marufuku ilirudi, na mwezi Aprili 2020 Mahakama Kuu ikalitupa shauri lenyewe. Katikati ya hayo, mwaka 2019, Samantha Mugatsia aliyeigiza kama Kena alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou.

Sitara na Kufichwa

Msomaji wa pwani aweza kuuliza swali la haki: kwa nini jambo hili lionekane? Sitara ni adabu kubwa ya Waswahili. Yaliyo ndani hubaki ndani, na mwenye busara humstiri hata jirani yake. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, aliyeandika juu ya Mombasa mwaka 1987, alionyesha kuwa cheo na mali vilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua jinsi mtu wa namna hii alivyochukuliwa na jamii. Kwa mtazamo huu, kamera ni utovu wa adabu.

Jibu limo katika lugha yenyewe. "Kujisitiri" na "kufichwa" si kitu kimoja. Kiambishi -ji- cha kujirejea katika neno la kwanza humwonyesha mtu akijitendea. Ndiye anayeamua nini kifunikwe na lini. Katika neno la pili mtu hutendwa, na mwenye kuamua ni mwingine. Neno "rafiki" likitumiwa na msichana mbele ya baba yake ni sitara. Filamu ya Rafiki ikizuiwa isionekane na mtu mzima aliyelipa kiingilio, huko ni kuficha. Hali kadhalika, aliyesimama mbele ya kamera ya Muholi akakubali jina lake liandikwe amejionyesha. Lakini msichana ambaye picha yake imechapishwa gazetini baada ya kukamatwa, chini ya kichwa cha habari chenye neno "wasagaji", amefichuliwa. Picha mbili hizo zaweza kufanana kwa kila kitu. Kinachozitenganisha ni idhini na anwani.

Hitimisho

Wanafunzi wa lugha hawatengenezi filamu, lakini maneno yaandikwayo chini ya picha hutoka mikononi mwao na mwa wanafunzi wao. Mtunga kamusi anaporudia fasili ya "msagaji" bila kueleza kwamba neno hilo hutumiwa kwa dharau, au anapolieleza "shoga" kwa maana ya pili tu na kuiacha ile ya wanawake, amechukua upande. Mfasiri wa filamu anapokutana na sentensi ya Kiingereza ambamo mwanamke anasema ampenda mwanamke, "anampenda" ni tafsiri sahihi, lakini imekwisha kuwaondoa mmoja wa wanawake hao, au wote wawili. Huenda ikambidi amtaje mtu kwa jina ili asimpoteze. Mhariri wa gazeti naye ana chaguo baina ya nomino ya kitendo na maelezo mepesi kama "wanawake wapendanao", ambayo yametumiwa katika makala haya kwa sababu yanamtaja mtu kwanza.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hii: "mpenzi", "mwenzi", "mwandani", "msiri", na hilo "shoga" la asili, yote hayana aibu. Haipo haja kubwa ya kukopa. Haja ni ya kumwuliza mwenye uso atajwe kwa neno lipi kabla ya kuandika anwani chini ya picha yake, na ya kuiacha nafasi wazi pale ambapo bado hajajibu.